Bunge lifute hukumu ya kifo

Katika Gereza la Naivasha wamo waliohukumiwa kunyongwa, ilhali Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu waliponyongwa katika Gereza la Kamiti kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Rais Kibaki aliwabadilishia maelfu adhabu mwaka 2009. Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia 2,747 mwaka 2016. Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji asilazimishwe kumhukumu kifo kila muuaji. Mwaka 2021 ikafafanua kuwa uamuzi huo unahusu mauaji pekee. Waliohukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu wakaachwa hapo hapo.

Wala suluhisho si kubadilisha njia ya kuua: tusidanganyike kwamba sindano ya sumu, iliyotumika mara ya kwanza Texas mwaka 1982, ina utu kuliko kamba. Huko Marekani wapo wafungwa waliochomwachomwa kwa muda mrefu mshipa ukitafutwa.

Familia zilizopoteza wapendwa wao zinastahili haki, na kifungo cha maisha si adhabu nyepesi. Shahidi akigunduliwa kuwa alidanganya, mfungwa anaweza kufunguliwa; aliyenyongwa hawezi. Wabunge, futeni hukumu ya kifo.