Intaneti haijui kuwa Singida ni mbali

"Fundi, huyo mdukuzi wa huko ng'ambo anajua Singida iko wapi?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na kila mara muulizaji hangoji jibu. Nimeulizwa na mwenye duka la pembejeo, na mwalimu wa kompyuta, na mkuu wa ofisi moja hapa mjini niliyekuwa nimemwambia kwamba nywila ya seva yake ni jina la ofisi na mwaka. Wote wanaamini kwamba umbali ni ulinzi. Wezi wa mtandao, wanasema, wana kazi zao Dar es Salaam kwenye mabenki na makampuni ya simu. Nani atoke Urusi kuja kutafuta orodha ya wanunuzi wa vitunguu? Imani hii ni ya uongo, na imeacha wazi mashine nyingi kuliko ujanja wa mdukuzi yeyote.

Anayekuja kwanza si mtu, ni programu. Anwani za IPv4, zile ambazo sehemu kubwa ya intaneti ingali inazitumia, hazizidi bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu huria iitwayo ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja yenye muunganisho wa gigabiti moja inaweza kubisha hodi kwenye anwani hizo zote kwa muda usiofika dakika 45. Basi lililotoka stendi ya Singida likiwa bado halijafika Manyoni, dunia nzima imeshabishiwa hodi. Programu hiyo haina ramani. Inasoma namba, na namba ya seva ya Kiomboi imekaa kwenye foleni moja na ya London.

Niliwahi kusimika seva ya Ubuntu katika taasisi moja ya hapa. Nikaipa anwani ya wazi, nikaacha wazi mlango namba 22, ule wa SSH, ili niweze kuihudumia nikiwa nyumbani. Niliiwasha jioni. Asubuhi nilipofungua faili la /var/log/auth.log nilikuta programu inajaribu kuingia kama root, kisha admin, kisha test, postgres, oracle, ubuntu, halafu inarudi kwa root na nywila nyingine, mstari baada ya mstari, usiku kucha. Tovuti ya taasisi ilikuwa haijatangazwa. Hakuna aliyekuwa anaijua anwani ile ila mimi na aliyetuuzia huduma.

Mkoa huu unasifika kwa kuku wa kienyeji, na hakuna mfugaji wa Iramba wala Ikungi anayeacha banda wazi usiku kwa sababu nyumba yake iko mbali na barabara. Anajua kicheche haulizi banda ni la nani. Hupita akijaribu kila mlango mpaka apate ulioachwa wazi. Mfugaji huyohuyo ana mtoto anayesimamia mtandao wa shule kwa nywila ya 123456, na hapo hofu yote imekwisha.

"Lakini wataiba nini kwetu?" Hapa ndipo imani hii inapowapoteza hata watu makini. Mara nyingi hawataki faili zenu. Wanataka mashine: ichimbe sarafu za kidijitali kwa umeme mnaoulipia ninyi, itume barua pepe za utapeli, iwashambulie wengine kwa jina lenu. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilikusanya jeshi la kamera za ulinzi na ruta kwa kujaribu jozi sitini na kidogo tu za majina na nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la namna hiyo liliielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Hakuna aliyewachagua wenye kamera zile. Walikuwa na maduka na nyumba kama zetu, na kamera ambayo nywila yake haikubadilishwa tangu itoke kwenye boksi.

Vifaa hivyo vilikuwa vinaendeshwa na Linux. Nalisisitiza hili kwa sababu fundi aliyekwisha kukubali kwamba umbali haumlindi hukimbilia kichaka cha pili: sisi tunatumia Linux, haishiki virusi. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipozikumba kompyuta za Windows duniani, wenye Linux wengi walijipongeza. Walisahau Shellshock ya Septemba 2014, kasoro iliyokuwa imejificha tangu 1989 ndani ya Bash, programu ya kupokea amri kwenye mashine nyingi za Linux. Marekebisho yalitoka ndani ya siku chache, bure, kwa kila mtu. Lakini yaliisaidia ile mashine tu ambayo mtu alikaa mbele yake akaisasisha. Mimi napenda programu huria kwa moyo wote, na ndiyo maana inaniuma kuikuta Ubuntu 18.04, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma mwaka 2023, ikiendelea kubeba kazi za watu.

Na tusisingizie umaskini. Kuingia kwa ufunguo wa SSH badala ya nywila hakununuliwi. Fayawoli ya ufw ni bure, fail2ban ya kuwafungia nje wanaokosea mara kwa mara ni bure, masasisho ya kujiendesha yenyewe ni bure. Bando ndilo ghali, hilo nakubali. Lakini apt-cacher-ng huiwezesha mashine moja kupakua sasisho mara moja na kuzigawia zilizobaki ofisini. Kazi yote hiyo ni ya siku moja.

Kuna wasioweza kujitetea katika jambo hili: mgonjwa ambaye majibu yake ya vipimo yamo kwenye kompyuta ya zahanati, mwanafunzi ambaye matokeo yake yamo ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya taarifa hizo azilinde, na haikumpunguzia mzigo aliye Mkalama.

Mkuu wa shule, mganga mfawidhi, mwenye duka: Jumatatu asubuhi mwite fundi wako akuchapie majaribio ya kuingia ya usiku uliopita. Yasome majina yaliyojaribiwa kwa macho yako. Kisha muulize seva ilisasishwa lini mara ya mwisho, na nakala ya data imehifadhiwa wapi, mahali ambapo mtu aliyeiteka seva hawezi kuifikia.