Tuyatazame Masikio ya Watoto Wetu

Mtoto akiitwa mara tatu asiitike, wengi wetu husema ana kiburi. Mzazi humwadhibu na mwalimu humhesabu miongoni mwa wazito wa akili. Ni wachache wanaojiuliza kama masikio yake ni mazima.

Kiwambo cha sikio ni kitu kidogo mno. Upana wake ni kiasi cha milimita 10, na unene wake takriban sehemu moja ya kumi ya milimita moja. Hata hivyo kina matabaka matatu: ngozi kwa nje, nyuzinyuzi katikati, na utando laini kwa ndani. Nyuzi hizo, nyingine zikielekea ukingoni na nyingine zikizunguka, ndizo zinazokikaza mfano wa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma.

Zamani daktari aliutazama uso wake wa nje tu. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walitangaza njia ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa mwanga. Mwanga hupelekwa, na ule unaorudi hupimwa umetoka kina gani, kama mwangwi. Njia hiyo iliwafaa kwanza madaktari wa macho. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza jinsi walivyouona, bila ya kupasua, utando wa vijidudu nyuma ya kiwambo cha wagonjwa wa masikio wa muda mrefu. Ndani ya utando huo vijidudu hujikinga na dawa.

Hatudai mashine ya namna hiyo katika kila zahanati. Tunachodai ni kuzingatiwa kwa funzo lake, nalo ni kwamba sikio lililoacha kuuma si lazima liwe limepona.

Kwa sisi watu wa visiwani jambo hili ni zito zaidi. Mzamiaji anayeshuka mita 10 hukutana na shinikizo mara mbili ya lile la juu ya maji. Akizama na mafua, kiwambo chaweza kupasuka.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Kwa hiyo twaziomba wizara zinazohusika na afya na elimu zihakikishe kwamba kila mtoto anayeanza shule anapimwa masikio, na kwamba kila zahanati ina kifaa cha kuchungulia sikio pamoja na mtumishi anayejua kukitumia.

Wazazi nao wana wajibu wao. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala kuchokolewa kwa njiti. Mgonjwa apelekwe kwa mganga wa zahanati bila ya kungoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kiwambo hauonekani barabarani, lakini gharama yake hulipwa darasani, na hulipwa kwa maisha mazima.