Mchumi wa Afya Apewe Kiti Katika Kaunti

Ukanda huu wa Ziwa unaoanzia Muhuru na Karungu upande wa Migori, ukapita Kisegi na vilima vya Gwassi, ukafika Sindo na Mbita upande wa Homa Bay, ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa mno na wataalamu wa afya katika Kenya nzima, wala si jambo la kustaajabisha, kwa kuwa maradhi yenyewe yamefanya maskani hapa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, wenye virusi vya ukimwi hawakutimia 5, ilhali katika Migori walikuwa 13 na katika Homa Bay walikaribia 20. Kisiwani Rusinga, tangu mwaka 2012 hata 2015, nyumba za watu zilitiwa mitego ya mbu inayoendeshwa kwa nguvu za jua; na ni Ndhiwa, tarehe 13 Septemba 2019, ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto wake. Hojaji zimejazwa, damu imetolewa na kupimwa, na majarida ya ng'ambo yamepata makala. Ninalouliza leo, kwa taadhima zote, ni kama hazina za kaunti zetu mbili nazo zimepata chochote. Maana tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013, hukumu ya dawa, vitanda na mishahara ya wauguzi haikatwi tena Nairobi peke yake, bali hukatwa pia katika mji wa Homa Bay na mji wa Migori, na huko sijasikia kwamba mwanachuoni wa uchumi wa afya ana kiti.

Uchumi wa afya ni ilimu changa. Aghalabu asili yake husemwa kuwa ni makala ya mwaka 1963 ya Mmarekani Kenneth Arrow, aliyebainisha kwa nini tiba haiuziki sokoni kama iuzwavyo sukari: mgonjwa hajui anunue nini, tabibu ndiye ajuaye, na ugonjwa hauji kwa miadi. Kwetu Kenya aliyeifungulia njia ni Profesa Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye katika miaka ya 1980 aliwafuata watu wa mashambani akitaka kujua jinsi wanavyochagua baina ya zahanati ya serikali, hospitali ya misheni, duka la dawa na mganga wa kienyeji, akaona kwamba mgonjwa mmoja huweza kuwazungukia wote hao katika ugonjwa ule ule mmoja, jambo ambalo kila mama wa Kisegi angalimwambia bila ya hojaji, lakini ambalo wizara haikuwa imelitia katika hesabu zake. Wakaja baadaye akina Jane Chuma na Edwine Barasa, waliofanya kazi katika mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wenye makao Kilifi na Nairobi. Fauka ya hayo, Nairobi ndiyo makao ya muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioasisiwa mwaka 1988, uliowasomesha vijana wengi wa bara hili shahada za uchumi. Taifa, basi, halina uhaba wa wajuzi.

Na ujuzi wao si wa kudharaulika, kama inavyoonyesha historia ya ada za hospitali. Mwaka 1965 serikali changa ya uhuru iliondoa ada ya wagonjwa wa nje iliyorithiwa kwa wakoloni. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka ulioshauri mataifa maskini yawatoze wagonjwa, na ilipofika Desemba 1989 Kenya ikatii, ikauita mpango huo kuchangia gharama. Katika zahanati moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, watafiti waliohesabu wagonjwa walikuta kwamba katika kipindi cha ada wanaume walishuka hadi 40 kwa 100 ya waliokuwa wakija hapo kwanza, na wanawake hadi 65. Na hayo yalikuwa magonjwa ambayo anayekosa tiba humwambukiza mwenziwe, tena katika miaka ambayo ukimwi ulikuwa unaanza kuimaliza Nyanza. Ada za wagonjwa wa nje zikasimamishwa Septemba 1990, kisha zikarejea kidogo kidogo. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba zahanati itoze shilingi 10 tu na kituo cha afya shilingi 20; Chuma na wenzake wakaenda Kwale na Makueni kutazama, wakakuta vituo vingi havikuishika kanuni hiyo, maana ile ada ndiyo iliyokuwa ikilipa mfagizi na kununua mafuta ya taa, na aliyeipunguza kwa kalamu hakuwa ameleta fedha za kuziba pengo lake. Ada hizo ziliondolewa katika zahanati na vituo vya afya mwezi wa Juni 2013.

Magharibi ya Kenya ikatoa ushahidi mwingine, wenye kukata shauri zaidi. Huko Busia, Michael Kremer na Edward Miguel walionyesha kwamba wazazi walipoombwa kuchangia kidogo dawa ya minyoo ya watoto wa shule, waliokubali walishuka kutoka 75 kwa 100 hata wakabaki 19 hivi. Jessica Cohen na Pascaline Dupas nao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikwenda katika kliniki za wajawazito, wakatoa vyandarua bure pahala pamoja na kuviuza kwa bei mbalimbali za chini pahala pengine. Bei ilipofika shilingi 40, wanawake 60 katika kila 100 waliacha kuvichukua, na wale waliolipa hawakuonekana kukilalia chandarua chao zaidi ya waliopewa bure. Ile hoja tuliyoizoea katika mabaraza, kwamba cha bure hakithaminiwi, ilipimwa karibu na kwetu ikaonekana haina mashiko. Kremer alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Sasa na tuitazame bima mpya ya afya iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Sitaki kuwa mwenye kuteta tu: sheria hiyo imeweka mfuko wa kugharimia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila ya mgonjwa kudaiwa mchango, na hilo ni jema ambalo wachumi wa afya walilipigania. Lakini anayepelekwa hospitali kubwa lazima awe amelipa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, naye hasumbuki, kwa kuwa fedha hazimfikii mkononi. Mvuvi wa Kisegi hana mshahara. Yeye huulizwa maswali juu ya paa la nyumba yake, choo chake na maji anayokunywa, kisha hukisiwa kipato, na sheria humtaka alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi, yaani 3,600 kwa uchache.

Aliyeandika kifungu hicho sidhani kama alipata kulala ufuoni. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazina kazi ila katika giza. Mwezi unapopevuka mashua hutulia mchangani siku kadhaa, na mwenye mashua, vibarua wake, mama anayenunua na kijana wa bodaboda anayebeba magunia, wote huishi kwa deni la dukani hadi giza lirejee. Tena kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kwa amri ya serikali, ili samaki wazaane. Kipato cha hapa, kwa hiyo, hufuata kalenda ya mbalamwezi na ya marufuku, wala hakifuati mwisho wa mwezi wa ofisini. Kumtaka mtu huyo shilingi 3,600 mwezi wa Mei ni kumtaka asijiandikishe. Serikali yenyewe imekuja kuliona hilo, ikaleta mwaka 2025 mpango wa kulipa polepole. Lakini ushahidi wa Busia ulikuwako miaka na miaka kabla ya sheria hiyo kutiwa sahihi.

Kuna gharama nyingine ambayo hata hojaji zetu nzuri huikosa. Karani wa utafiti huuliza: ulilipa nini hospitali, nauli ilikuwa ngapi, dawa je? Mama hujibu, karani huandika. Lakini mama huyo alipoondoka alfajiri na mtoto mgongoni, aliacha omena wa usiku ule ule wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, akamwachia jirani awageuze. Foleni ikawa ndefu, muuguzi akawa ni mmoja, na saa nane mvua ikashuka kutoka vilima vya Gwassi. Omena walionyeshewa kabla hawajakauka huoza, na wakiuzwa huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Katika hojaji tiba hiyo imeandikwa kuwa ya bure. Mwanachuoni aliyezaliwa hapa angaliongeza swali moja la mvua, na kwa swali hilo muuguzi wa pili angalipata hoja ya kuajiriwa.

Basi kwa nini haongezi? Kwa sababu kazi ya uanachuoni, kama ilivyopangwa sasa, haimwelekezi huko. Kijana wa Gwassi akifaulu, husoma shahada ya kwanza ya uchumi, huajiriwa katika mradi wa wafadhili kwa mkataba wa muda, huomba nafasi ya uzamivu Ulaya au Marekani, na hurejea kuhesabiwa makala alizochapisha katika majarida ambayo daktari mkuu wa kaunti hana fedha za kuyanunua. Swali lake huchaguliwa na mfadhili na muda wake hupimwa na mradi. Simlaumu, maana mwenye watoto wa kusomesha hufuata penye riziki. Wa kulaumiwa ni waajiri wawili: chuo kikuu kisichompandisha cheo mtu kwa waraka wa sera uliobadili bajeti ya kaunti, na kaunti inayoajiri maafisa wa itifaki na washauri wa gavana lakini haina mtu mmoja wa kuiambia shilingi milioni moja ya dawa inaponya zaidi ikitumiwa wapi.

Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kabla ya Februari kwisha, makadirio hufika kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha hufungwa Juni. Makala ya jarida yaweza kukaa miaka miwili kwa wahakiki. Mtu anayeishi katika kalenda ya jarida hawezi kuwahi kalenda ya bunge la kaunti, hata akiwa bingwa wa mabingwa. Anayeweza ni yule aliyeajiriwa humo humo, mwenye meza karibu na mhasibu.

Nimeambiwa kwamba mtu huyo atageuzwa kuwa mpambe wa gavana. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ni kwamba taarifa yake iwasilishwe bungeni hadharani pamoja na makadirio, na isomwe kwa Kijaluo na Kisuba kwenye fuo zilizojibu hojaji, ili asemaye uongo akutane na wanaojua. Kaunti mbili zikiona mzigo ni mkubwa, na zianze kwa kumwajiri mmoja kwa ubia, huku chuo kikuu kikikubali kumhesabia miaka hiyo kuwa ya utumishi wa kitaaluma. Waraka wa kuanzisha bajeti ya kaunti hutolewa kila mwaka kabla ya Agosti kwisha. Nafasi hiyo ya kazi yaweza kutangazwa mapema kuliko hapo.