Tafadhali usifute rekodi ya kwanza

Siku nyingi sijaandika hapa, kazi zimenibana. Leo naomba tuongee kuhusu hevi metali, ule muziki wa gitaa za umeme zinazonguruma na ngoma zinazopigwa mbio kama mtu anayefukuzwa na polisi. Najua wengi wenu hamuupendi. Msikimbie, kwa sababu ninachosema kinamhusu yeyote aliyewahi kurekodi harusi, kwaya au taarab kwa kifaa chake mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: rekodi iliyofanywa na shabiki aliyesimama kati ya watu inaweza kushinda ile iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye mitambo, na anayeifanya ana wajibu wa kuitunza faili ya kwanza jinsi ilivyotoka. Wajibu huo mimi mwenyewe niliuvunja. Nitawaeleza.

Kwanza, mfano ambao wapenzi wa muziki huu wanaujua. Mnamo tarehe 5 Machi 1983, Metallica walipiga katika klabu moja ya San Francisco iitwayo The Stone. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Cliff Burton kupanda jukwaani nao kama mpiga besi. Wiki mbili baadaye, tarehe 19, walirudi pale pale. Albamu yao ya kwanza ilikuwa bado haijatoka. Ilitoka Julai mwaka huo. Burton alikufa tarehe 27 Septemba 1986 basi lao lilipopinduka nchini Uswidi, akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka 1987 bendi ilipotaka kumkumbuka kwa video, iliyoitwa Cliff 'Em All, ilitumia kwa sehemu kubwa picha zilizonaswa na mashabiki kinyemela, pamoja na zile za The Stone.

Fikirini hilo kidogo. Bendi ambayo leo ina mali ya kununua studio nzima ilitegemea kazi ya vijana waliobeba vifaa vyao kwenda klabu. Bila wao, sehemu kubwa ya yale aliyoyafanya Burton jukwaani ingebaki kuwa hadithi tu.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Kwa nini rekodi ya shabiki iwe nzuri wakati fundi mitambo ana nyaya zote mkononi? Jibu ni udogo wa klabu. Katika ukumbi mdogo, ngoma na amplifaya za gitaa zina kelele ya kutosha zenyewe. Fundi haoni haja ya kuziongeza sana kwenye spika kubwa. Anachopitisha zaidi kwenye miksa ni sauti ya mwimbaji na labda ngoma kubwa ya mguu. Ukichomeka kifaa chako kwenye miksa hiyo, unarudi nyumbani na mwimbaji anayepiga kelele peke yake huku gitaa likisikika kama liko nyumba ya jirani.

Aliyesimama ukumbini anapata vyote vikiwa vimechanganyika hewani. Lakini si kila mahali panafaa. Ukikaribia jukwaa sana, amplifaya zitakupiga usoni na mwimbaji atapotea, kwa maana sauti yake inatoka kwenye spika za pembeni. Ukirudi nyuma sana, unasikia mwangwi wa kuta na watu wakiagiza bia. Pazuri kwa kawaida ni katikati, mbele kidogo ya meza ya fundi mitambo. Yeye anarekebisha muziki kwa kufuata anachosikia pale alipo, basi na wewe sikia anachosikia yeye.

Tatizo la pili ni kishindo. Hevi metali klabuni hupita desibeli 100 kwa urahisi. Maikrofoni ya kifaa cha kawaida imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Inapozidiwa, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na kichwa kilichokatwa hakirudi hata ukiwa na programu ghali namna gani. Ndiyo maana warekodi wazoefu hutumia maikrofoni mbili ndogo za kubana kwenye kola, wakaziwezesha kwa kijisanduku cha betri ya volti 9 ili zistahimili, kisha wakaingiza sauti kwenye kifaa kupitia tundu la laini badala ya tundu la maikrofoni. Halafu wanaacha nafasi. Kilele cha sauti kinawekwa desibeli 6 hadi 12 chini ya sifuri. Ukirekodi kwa biti 24 huna sababu ya kuogopa kuwa chini. Sauti unaweza kuipandisha kesho.

Na kuna jambo la tatu, ambalo halina teknolojia yoyote: simama tuli na ufunge mdomo. Kwa mpenda metali, hiyo ni adhabu kubwa. Wenzako wanarukaruka, wewe umesimama kama mlingoti. Ndiyo gharama yake.

Haya basi, umefika nyumbani na faili ya WAV. Tupige hesabu. Kwa ubora wa CD, kila sekunde ina sampuli 44,100, kila sampuli baiti 2, mara chaneli 2. Hiyo ni baiti 176,400 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 635 kwa saa moja. Ukiibana kuwa MP3 ya kilobiti 128, saa hiyo hiyo inakuwa kama megabaiti 58. Umepunguza mara kumi na moja! Lakini MP3 hupunguza kwa kutupa vitu inavyodhani sikio halitavikosa, na kinachoumia mapema ni sauti za juu kama matoazi. Hevi metali imejaa matoazi. Na kilichotupwa kimetupwa, hata ukiigeuza MP3 iwe WAV tena.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Mwaka 2009 nilirekodi bendi moja ya marafiki katika klabu ndogo hapa Nairobi. Nilisimama mahali panapofaa, viwango vilikaa sawa, ikatoka safi mpaka nikajishangaa. Laptopu yangu ilikuwa na diski ya gigabaiti 40 na ilikuwa imejaa. Nikatengeneza MP3 ya kilobiti 128, nikawapa marafiki kwenye CD, nikafuta WAV. Niliona nimekuwa mwerevu.

Bendi ilivunjika bila kuingia studio hata siku moja. Mwaka 2019 mpiga besi wao akanipigia simu. Walitaka kuitoa ile shoo kama albamu, na wamempata fundi wa kuisafisha. Akaniuliza, "Buda, ile WAV iko wapi?" Nikanyamaza. Fundi alijaribu na MP3, lakini kila alipoinua sauti za juu, uharibifu nao uliinuka. Mpiga ngoma alisikiliza dakika mbili akasema matoazi yake yanasikika kama mtu anayekaanga samaki. Albamu haikutoka. Hawakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mimi ni mtu wa programu. Siwezi kufuta msimbo wa mradi eti kwa sababu programu yenyewe imeshatengenezwa na inafanya kazi. Nikimwona kijana kazini akifanya hivyo nitampigia kelele. Lakini muziki wa watu nikaufanyia hivyo hivyo, na FLAC ilikuwapo tangu 2001, ni ya bure, inabana bila kutupa hata biti moja, na ndani yake inabeba alama ya MD5 ya kukuonyesha kama sauti imebadilika. Muziki wenye kelele nyingi kama huu haubaniki sana, lakini ungeniokolea nafasi ya kutosha. Diski mbili za DVD zingenitosha kuhifadhi nakala mbili.

Kuna watakaosema kurekodi ni wizi. Hoja hiyo siidharau. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa msanii haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, kwa hiyo dawa ni kuomba ruhusa. Metallica wenyewe walikwenda mahakamani dhidi ya Napster Aprili 2000, na bado ni bendi iliyowaruhusu mashabiki kurekodi shoo zake. Hawakujipinga. Shabiki anayetunza kumbukumbu ni tofauti na mtu anayegawa albamu iliyo dukani. Omba ruhusa, wape bendi nakala kamili, usiuze.

Leo simu ya mfukoni ina nafasi kuliko laptopu yangu ya 2009, kwa hiyo kisingizio cha diski kujaa kimekwisha. Ukirekodi kitu Jumamosi hii, iwe metali au mchiriku, weka faili ya kwanza mahali pawili kabla ya kuigusa. Halafu tengeneza MP3 ya kusikilizia ndani ya matatu, hata mia ukitaka.

Na kama wewe ulikuwa kwenye klabu ile mwaka 2009 na kifaa chako mfukoni, tafadhali nitafute. Nina mpiga ngoma wa kumwomba msamaha.