Tahariri: Karatasi Kwanza, Jembe Baadaye



Msimu wa bondeni umekaribia, na watu wameanza kuulizana, "Nani anakodisha shamba?" Kabla jembe halijashikwa, tuna neno.

Msimu uliopita ndugu wawili wa kijiji hiki walipatana kwa mdomo tu. Mmoja alitoa shamba, mwenzake akatoa fedha, akaweka samadi, akazibua mfereji. Kabichi zilipoanza kufunga, mwenye shamba akadai ati mapatano yalikuwa ya miezi mitatu, si mpaka mavuno. Aliyekodi naye alikuwa ameng'oa majani ya guatemala kwenye kinga ya maji ili apate mistari miwili zaidi. Wote wana kosa, na karatasi hakuna. Leo hawasalimiani hata msibani. Jamani, kwa kabichi?

Sisi tunasema hivi. Mwenye shamba, ukishapokea kodi, usilidai shamba mazao yakiwa bado. Nawe uliyekodi, lima, lakini usipande miti wala kahawa, maana kwetu mti ni alama ya mwenyewe. Na kinga za maji usiziguse. Wazee wetu waliyakataa matuta ya mkoloni miaka ya 1950 kwa kuwa yalikuja kwa amri na faini. Haya majani, yaliyoenezwa Lushoto na mradi wa SECAP ulioanza 1981, tumeyapanda kwa mikono yetu. Udongo ukishateremka mtoni haupandi tena mlima.

Baba naye asikodishe shamba la familia kwa siri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi ni batili. Mama analima, basi naye atie sahihi.

Ugomvi ukizuka, msishikane mashati. Lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, si kumfunga mtu. Lakini litasuluhisha nini bila ushahidi?

Basi andikeni: mipaka ya shamba, kodi, siku ya kuanza, zao litakalovunwa ndipo shamba lirudi, na mashahidi wawili. Nakala moja kwa kila mmoja, ya tatu ofisi ya kijiji. Asiyejua kuandika aje kwa katibu wetu, hatozwi hata senti.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ushirika oyee!