Gari Kuukuu Linapokufa Njiani

Juma hili tuseme habari ya magari ya zamani ya petroli, yale yenye kabureta, kama Land Rover za miaka ya 1960. Huku kwetu Tabora, gari kuukuu la kijiji ndilo hubeba mahindi na asali, na usiku humpeleka mama mwenye uchungu hospitali ya Kitete. Likifa porini, si gari tu lililo taabuni.

Mara nyingi injini ikikohoa na kuzimika, mwenye gari husema, "Pampu imekufa." Huuza tumbaku yake, hununua pampu mpya, na gari hufa tena. Kumbe ni takataka katika chujio! Haraka haina baraka. Yafaa kuifuata petroli kama tufuatavyo mfereji uliokauka, tuone imezuiliwa wapi: tangini, bombani, katika chujio, katika pampu, au katika kabureta.

Kwanza, angalia lilivyokufa. Likienda vema tambarare na kuishiwa nguvu mlimani, petroli ni haba: shuku chujio au pampu. Likizimika, kisha likawaka baada ya kupumzika, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, kitundu chake kimeziba. Kama ni jua kali, huenda petroli imegeuka mvuke bombani. Funga kitambaa chenye maji juu ya bomba. Moshi mweusi na harufu kali ni dalili ya petroli kuzidi katika kabureta.

Pili, tazama kikombe cha kioo penye pampu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini pamoja na uchafu. Mwaga, safisha.

Tatu, injini ikiwa baridi na betri imefunguliwa, toa bomba penye kabureta, ulielekeze katika kopo. Pampu nyingi za namna hii zina mkono mdogo, usukume. Petroli ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima: tafuta kosa katika kabureta au plagi. Isipotoka, fungua kifuniko cha tangi, toa bomba liingialo pampu, upulize kuelekea tangini kwa pampu ya baiskeli. Ikibubujika, njia ni wazi. Rudisha bomba, ujaribu tena. Isipotoka hata sasa, ndipo useme pampu imekufa.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Usivute petroli kwa mdomo. Usimulike kwa kibatari wala kiberiti, na watoto wakae mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja kuichota, na moto ukaua zaidi ya 100. Gari lililokufa hutengenezwa. Mtu aliyeungua hana duka la vipuri.