TUPIME NJIA ZOTE KABLA YA KUSHIKA MAJEMBE

Kila mwaka, siku zinazotangulia tarehe 6 Februari, wanajeshi wa Uganda hufanya kazi pamoja na wananchi: hufagia masoko, hupaka rangi zahanati na kutibu wagonjwa. Tarehe hiyo ni kumbukumbu ya shambulio la kambi ya Kabamba la mwaka 1981. Desturi hii ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini twauliza: ni nani huichagua kazi ifanywayo, naye huichagua kati ya kazi ngapi?

Kila ofisa aliyepata mafunzo anajua kwamba kabla ya kutoa amri ya vita ni lazima akadirie hali. Hutaja lengo lake, akapima adui, ardhi, askari alio nao na wakati. Kisha huweka mbele yake njia mbili au tatu, akalinganisha faida na hasara ya kila moja, ndipo aamue. Mwenye njia moja tu hajapanga, amebahatisha. Ajabu ni kwamba ofisa huyo huyo afikapo kijijini kujenga, mara nyingi huja na uamuzi uliokwisha kukatwa.

Tuchukue mfano wa maji. Wazo la kwanza huwa ni kisima kirefu cha pampu ya mkono. Pampu hutoa maji safi, lakini ina vyuma na mipira ichakaayo. Yadai fundi, vipuri na mfuko wa matengenezo. Ikivunjika pasiwe na wa kuitengeneza, akina mama hurudi dimbwini.

Njia ya pili, kama bondeni pana chemchemi, ni kuijengea ukuta, kuiwekea bomba la kutolea maji na kuchimba mfereji wa kuzuia maji machafu ya mvua yasiingie. Haina mashine ya kuharibika, na mikono ya askari na wananchi yaweza kuijenga. Hata hivyo, chemchemi haihami. Akaaye mbali ataendelea kutembea.

Njia ya tatu ni mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1. Paa la shule la mita za mraba 200, penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 200,000. Tukiondoa sehemu ya tano kwa upotevu, zinabaki 160,000, yaani lita 438 hivi kwa siku. Zitawasaidia wanafunzi kwa kunywa. Kijiji kizima hazikitoshi, na tangi likiwa dogo litakauka wakati wa kiangazi.

Njia ya nne, isahauliwayo upesi, ni kukarabati kilichopo.

Kila njia na iulizwe maswali yale yale: itagharimu nini, itachukua siku ngapi, nani atanufaika, nani ataachwa, na nani ataitunza sisi tukiisha kuondoka? Majibu yakiandikwa kando kwa kando, mara nyingi njia iliyo bora hujitokeza yenyewe.

Lipo jambo moja linalowahusu hasa wanajeshi na polisi. Mbele ya mtu mwenye sare na bunduki, mwananchi husema "ndiyo, afande" hata kama moyoni anakataa. Kwa hiyo mkuu asitangulie kusema. Mwenyekiti wa kijiji afungue kikao. Wazee, vijana, na hasa akina mama wachotao maji, watoe mawazo yao yote, nayo yaandikwe bila kudharauliwa. Penye wengi hapaharibiki neno. Baada ya hapo ndipo mkuu aeleze vikosi vyake vina watu wangapi, magari gani na ujuzi gani, na uamuzi uachwe mikononi mwa wanakijiji.

Askari huhamishwa, kisima hubaki. Kikibaki kikavu, watakaokipita kila siku watakumbuka sare iliyokijenga. Kikitoa maji, watakumbuka sare hiyo hiyo kwa shukrani.